Shabaha haioni risasi: dhana potofu kuhusu shabaha zinazojihesabia pointi

Pointi 10.4 zikitokea kwenye skrini kabla mlengaji hajashusha bunduki, ni rahisi kuamini kwamba kule mbele kuna jicho lililoiona risasi ikipita. Hakuna jicho. Shabaha nyingi zinazojihesabia pointi, za umeme kwa zisizo za umeme, hupokea kitu kingine: mlio, kivuli, au msukumo kwenye bamba la chuma. Kutokana na hicho ndipo hukata shauri risasi ilipita wapi. Maneno mengi ya uongo yanayozunguka viwanjani huzaliwa mtu anaposahau jambo hilo, ndiyo maana nikisikia dai jipya swali langu la kwanza ni moja: shabaha hiyo inahisi nini?

"Kuna kamera inayopiga picha tundu"

Za kamera zipo, na mazoezini zinafaa sana. Ila shabaha za mashindano kwa miaka mingi zimetegemea kusikia. Tuchukue ile ya bunduki ya upepo ya mita 10. Ni kisanduku kilichofungwa. Katikati ya uso wake mweusi unapita ukanda wa karatasi ambao mota huusogeza kidogo baada ya kila risasi, na pembeni, ndani, zimefungwa maikrofoni. Kijirisasi cha milimita 4.5 kikiutoboa ukanda, mlio wa kutoboa husambaa ndani ya kisanduku na kuzifikia maikrofoni moja baada ya nyingine. Iliyo karibu husikia kwanza. Ukubwa wa mlio haumhusu mtu. Kinachohesabiwa ni nani alisikia kabla ya nani, na kwa muda gani.

Muda wenyewe ni mfupi ajabu. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Katika sehemu moja ya milioni ya sekunde huwa imekwenda theluthi moja ya milimita. Sasa, kwenye bunduki ya upepo, tofauti ya 10.3 na 10.4 ni robo milimita. Kwa maneno mengine, saa ya shabaha hiyo lazima itenganishe vipande vya muda vidogo kuliko sehemu ya milioni ya sekunde, la sivyo desimali zake ni mapambo.

Aina nyingine hutumia mwanga. Fremu inajazwa miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, risasi inapita na kukatiza baadhi yake, na kivuli chake kinasomwa kwa mlalo na kwa wima. Hapa hakuna ukanda wa kutobolewa ili mlio utokee, kwa hiyo kuna vitu vichache vya kuchakaa. Vumbi na wadudu, hata hivyo, nao wana vivuli.

Kuna na zile za wazi, ambazo majeshi huzipenda: maikrofoni chache kwenye boriti chini ya shabaha, bila kisanduku. Zinasikiliza wimbi la mshtuko ambalo risasi iendayo kasi kuliko sauti huliburuta nyuma yake. Kwa bunduki kubwa zinafanya kazi vizuri, na hata risasi iliyokosa shabaha huonyeshwa imepita upande gani. Lakini piga risasi za .22 (upana wa karibu inchi 0.22) za mashindano, ambazo kwa kawaida huenda chini kidogo ya kasi ya sauti, uone. Wimbi la mshtuko halipo, kwa hiyo shabaha inanyamaza. Mtu asiyejua hili ataifungua, aiparamie nyaya, alaumu betri, na kumbe mtambo ni mzima.

"Ni mashine, haikosei"

Hukosea, ila si pale wengi wanapopashuku. Kinachotajwa kwanza siku zote ni joto. Ni kweli kasi ya sauti hupanda kwa karibu mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja, na ndiyo sababu shabaha hizi huwa na kipimajoto. Lakini fikiria risasi iliyopita katikati kabisa ya maikrofoni nne zilizopangwa sawasawa. Mlio unazifikia zote kwa pamoja. Tofauti ya muda ni sifuri, na sifuri haibadiliki hewa iwe ya barafu au ya tanuri. Kosa la joto hukua kadiri risasi inavyotoka katikati. Kipimajoto kikidanganya kwa nyuzi 10, kasi inapotoka kwa chini ya asilimia 2. Kwa risasi iliyo milimita 2 kutoka katikati, kosa hilo ni jembamba kuliko unywele. Kwa risasi iliyo milimita 60 pembeni linafika kama milimita moja, na kwa mtu aliyepiga huko nje, desimali si tatizo lake kubwa siku hiyo.

Mimi hushuku skrubu. Maikrofoni moja ikihama milimita moja tu kutoka mahali pake, jibu la upande huo linavutwa karibu nusu milimita, hata kwa risasi za katikati. Hushuku pia ule uso mweusi wa mbele. Mlengaji analenga weusi anaouona, wakati mtambo unapima kutoka kwenye fremu usiyoiona. Uso ukikaa kombo kwa milimita moja baada ya kubadilishwa na mtu mwenye haraka, kila risasi itasomwa imehama milimita moja, na kwenye bunduki ya upepo hizo ni desimali nne. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani: matundu yanakaa pamoja vizuri, kundi zuri, ila limesogea. Mlengaji anazungusha vidude vya kurekebishia alama yake, anaridhika, na akihamia njia nyingine, yaani nafasi nyingine ya kupigia yenye shabaha yake, anashangaa amepotelea wapi.

Halafu kuna ukanda uliokwama. Usiposogea, kijirisasi cha pili hupita kwenye tundu la kwanza bila kugusa kitu. Hakuna kilichotoboka, hakuna mlio, na skrini inaonyesha hujapiga. Kwa hiyo anayeadhibiwa hapa ni mlengaji hodari. Asiye hodari hutoboa mahali papya kila mara na wala hajui kwamba ukanda umekwama.

"Mashine inabana pointi kuliko karatasi"

Lalamiko hili ni la waliozoea karatasi, na lina chanzo kinachoeleweka. Kwenye shabaha ya bunduki ya upepo ya Shirikisho la Kimataifa la Kulenga Shabaha, ISSF, kumi ni nukta ya nusu milimita. Kijirisasi ni kipana mara tisa ya nukta hiyo. Ukingo wake ukiigusa nukta tu, ni 10, na hapo kitovu cha tundu kinaweza kuwa hadi milimita 2.5 kutoka katikati. Karatasi haikuambii ulikuwa wapi ndani ya nafasi hiyo. Yote ni kumi, unatabasamu.

Mtambo unatumia mpaka uleule wa milimita 2.5 na kuuita 10.0. Kisha kila robo milimita unayoingia ndani unaongezewa desimali moja, hadi 10.9 ambayo inataka kitovu cha tundu kisipite robo milimita kutoka katikati. Mchujo wa bunduki ya upepo huhesabiwa hivyo: risasi 60, na kilele ni 654.0. Bastola ya upepo katika mchujo bado huhesabiwa kwa pointi kamili, kilele 600. Kwa hiyo kumi yako ya jana haijanyang'anywa. Umeonyeshwa tu kwamba ilikuwa 10.1.

Kuna jambo moja ambalo karatasi ndiyo yenye kuleta ubishi. Karatasi ikitobolewa hurudi nyuma kidogo, tundu likaonekana dogo kuliko risasi, au huchanika likaonekana kubwa. Ndiyo maana waamuzi wa karatasi huwa na kipimo maalumu cha kuchomeka tunduni, na bado watu wawili wanaweza kutofautiana. Mtambo hauangalii kingo za tundu. Unatafuta kitovu, kisha unaongeza upana wa risasi unaojulikana. Mchaniko hauupunguzii wala kuuongezea mtu.

"Risasi ikigusa, bamba linaanguka"

Hapa tunaingia kwenye shabaha za kimakanika, na mfano bora ni baiathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha. Tangu mchezo huo ulipohamia bunduki za .22 na umbali wa mita 50 mwishoni mwa miaka ya 1970, mchezaji anaona duara tano nyeusi zenye upana wa milimita 115, awe amelala au amesimama. Akiwa amesimama, duara lote ni halali. Akiwa amelala, sehemu inayohesabika ni milimita 45 tu za katikati, ingawa weusi anaouona ni uleule. Mtazamaji wa televisheni huona risasi imetua ndani ya weusi na kupiga kelele kwamba ameibiwa. Hajaibiwa, risasi imegonga chuma kisichosogea.

Chenyewe kinachoanguka ni bamba lililo nyuma ya tundu, na bamba linahisi msukumo, basi. Risasi ikigonga ukingo wa tundu inaweza kupasuka, kipande kikabaki nje na kingine kikaligonga bamba kwa nguvu ndogo. Bamba linatikisika na kusimama. Au linaanguka. Kwa hiyo uzito wa bamba na ulegevu wa bawaba zake vinatakiwa viwe sawa kwenye njia zote, la sivyo wachezaji wawili wanashindana kwa kanuni mbili. Barafu kwenye bawaba nayo haina upendeleo wa kuaminika.

Uzuri wa shabaha hizi ni kwamba zinaweza kuishi bila umeme kabisa. Kuna zinazoinuliwa upya kwa kuvuta kamba, na za mota pia zipo. Upungufu wake ni kwamba hujibu ndiyo au hapana. Kwa mashindano inatosha. Kwa mazoezi ya mtu anayejifunza ni mwalimu hafifu, maana hapana haisemi ulikosea juu au kushoto. Ningekuwa na la kusema, mwanafunzi angepiga karatasi au skrini mpaka ajue risasi zake zinakwenda wapi, ndipo apewe mabamba ya kuangusha.

Jingine la chuma: risasi haiishii pale. Huvunjika vipande vinavyoruka, na bamba lililopinda au kuchimbika huvirusha upande usiotarajiwa. Miwani ya kinga ni ya mlengaji na ya kila aliyesimama karibu naye.

"Kujihesabia ni mambo ya zama za kompyuta"

Kwa sehemu tu. Shabaha za chuma na zinazosogea zilikuwapo muda mrefu kabla ya kompyuta, ingawa aliyehesabu alikuwa mtu. Kwenye mashindano ya Wimbledon, Uingereza, katika miaka ya 1860, shabaha zilikuwa mabamba ya chuma. Risasi ya madini laini ilipogonga iliacha doa, na mtu aliyejificha karibu akaonyesha matokeo kwa ishara. Olimpiki ya London ya 1908 ilikuwa na shabaha ya umbo la swala dume ikikimbia kwenye reli, ikipigwa kutoka yadi 110. Kusogea kulikuwa kwa mtambo, kuhesabu kukabaki kwa binadamu.

"Mwanga wa leza ni mchezo wa watoto"

Pentathloni ya kisasa, shindano linalounganisha michezo mitano, imetumia bastola za leza kwenye Olimpiki tangu London 2012, na hakuna anayewaita wachezaji wake watoto. Tofauti halisi iko kwingine. Kijirisasi cha upepo hubaki ndani ya mtutu kwa muda mfupi baada ya kifyatulio kuvutwa, na mkono ukianza kushuka mapema kinakwenda nao. Mwanga hausubiri. Anayetoka kwenye leza kuingia kwenye bastola ya upepo hugundua kwamba mkono wake una tabia ambazo hakuwahi kudaiwa.

"Skrini inajua nani kapiga"

Hili ndilo la gharama kubwa kuliko yote. Olimpiki ya Athens, 2004, fainali ya bunduki ya mita 50 mikao mitatu. Mmarekani Matthew Emmons, njia ya 2, anaongoza kwa pointi 3 na amebakiwa na risasi moja. Anapiga. Skrini yake haionyeshi kitu. Anawageukia waamuzi na kueleza kwamba amepiga, na kwa muda inaonekana kama mtambo ndio uliolala. Kumbe risasi imetua kwenye shabaha ya njia ya 3, ya Mwaustria Christian Planer. Shabaha ya 3 imeisikia na kuipa pointi; shabaha ya 2 haina cha kusikia. Emmons anapewa sifuri na kushuka hadi nafasi ya nane, dhahabu inakwenda kwa Jia Zhanbo wa China. Mitambo yote miwili ilifanya kazi yake bila kosa.

Ndiyo maana skrini tupu haimalizi ubishi, na pia haithibitishi kwamba mtambo umeharibika. Kwenye mashindano ya ISSF, mlengaji ambaye risasi yake haikuonekana hamwambii jirani na wala hapigi nyingine kwa hasira. Anamwita mwamuzi papo hapo. Anaamriwa alenge na kupiga risasi moja zaidi kwenye shabaha yake. Ikionekana, anaendelea. Huku nyuma inaanza kazi ya kuitafuta iliyopotea: kumbukumbu za kompyuta na saa za kila risasi, karatasi za udhibiti zilizobandikwa nyuma ya shabaha, ukanda wenyewe, na mara zote, shabaha za majirani wa kushoto na kulia.