Painitan ya Dumaguete: sikwate, budbud kabog na puto maya

Wageni wengi wanaofika Dumaguete, mji mkuu wa jimbo la Negros Oriental huko Ufilipino, huishia Rizal Boulevard. Wanapiga picha za bahari, jioni wanakula tempura (isiyofanana na ya Wajapani: ni unga uliokandwa na samaki, ukatungwa kijitini na kukaangwa), wanarudi hotelini. Sina ugomvi na boulevard, lakini mji huu unajulikana alfajiri, ndani ya soko kuu, kwenye vibanda vya painitan.

Neno lenyewe linajieleza. Kwa Kibisaya, init ni joto. Painit ni kile unachokunywa na kutafuna ili mwili upate moto kabla ya kazi, na painitan ni mahali pa kukipata: meza ndefu, benchi, sufuria zinazofuka mvuke, na mama muuzaji unayemwita "Nang".

Kufika huko panda trisikeli, ambayo wenyeji huiita pedikab ingawa ina injini. Ni pikipiki yenye kibanda ubavuni, na cha hapa ni kipana, kinameza watu sita bila shida. Haina njia maalumu. Unaisimamisha, unataja uendako, na dereva akitikisa kichwa usidhani amekudharau: waliokwisha panda wanaelekea kwingine. Mwite "Nong". Ukitaka kushuka, sema "lugar lang". Jihadhari na neno pakyaw. Ukilikubali umekodi chombo kizima, na utalipia hata viti vilivyo vitupu.

Sasa sikwate. Ni chokoleti ya moto ya tableya, yaani kakao iliyokaangwa, ikasagwa ikiwa na mafuta yake yote, kisha ikafinyangwa vidonge na kuachwa igande. Mmea wa kakao uliletwa na Wahispania kutoka Meksiko, enzi za merikebu zao za Acapulco na Manila. Kwa lita 1 ya maji weka gramu 100 hadi 120 za tableya. Ukipenda nzito, fika 150. Chemsha maji kwanza, tia tableya, punguza moto, koroga hadi vidonge viyeyuke. Sukari ifuate baadaye, kwa kuonja, kwa sababu tableya nyingine huuzwa zikiwa na sukari tayari.

Siri iko kwenye batirol, mti wenye kichwa cha miraba kama gurudumu la meno. Unausimamisha ndani ya chungu na kuupekecha kati ya viganja kwa dakika tatu au nne. Usipopekecha, chenga za kakao zinazama chini, mafuta yanaelea juu kama lenzi za manjano, na katikati unabaki na maji ya kahawia. Ukipekecha vizuri, povu linapanda na mafuta yanatawanyika. Moto mkali nao ni kosa: unga unashika chini, na ladha ya kuungua haiondoki hata ukimwaga sukari kilo nzima. Kikombe kikipoa, koroga tena kabla ya kunywa. Hata sikwate iliyopikwa na fundi hutulia chini.

Budbud kabog ndiyo inayoniumiza roho watu wanapoipita. Budbud ni kitafunwa kilichofungwa kwa jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, na wengi hudhani zote ni za wali wa kunata. Hii ni ya kabog, nafaka ya punje ndogo za manjano, ya jamii ya uwele na ulezi. Kabog pia ni jina la popo wakubwa wala matunda, na masimulizi ya huko huunganisha majina hayo mawili. Mji unaotajwa sana kwa budbud ni Tanjay, kaskazini mwa Dumaguete.

Msomaji wa pwani hatahitaji kufundishwa mwanzo wake: nazi tatu zinakunwa kwa kudkuran, ambayo ni mbuzi yetu hasa, kigoda na ulimi wa chuma wenye meno. Kamua tui zito, liweke kando. Kamua tena jepesi. Kabog gramu 500 ioshwe maji manne au matano huku ukipepeta ndani ya maji, kwani mchanga mmoja tu kwenye jino unaharibu kazi yote. Ipike na tui jepesi kwanza. Tui zito, sukari gramu 200 na chumvi kijiko kimoja cha chai vije punje zikishaanza kulainika. Ukitanguliza sukari, punje zinabaki ngumu kiini. Tui lote kwa jumla liwe kama lita 1.

Koroga hadi mwiko uache njia chini ya sufuria. Uji ukiwa mwepesi utavuja ndani ya jani. Majani ya mgomba yababue motoni mpaka yang'ae na kulegea, la sivyo yatapasuka wakati wa kukunja. Viringisha mirija minene kama vidole viwili, funga, kisha pika kwa mvuke dakika 45 hivi. Ikiiva, jani linajibandua lenyewe. Kwa sababu ya tui, iliwe siku hiyohiyo. Ikianza kuteleza na kunuka uchachu, tupa.

Puto maya ni rahisi zaidi: mchele wa kunata uliolowekwa, ukapikwa kwa mvuke, katikati ya kuiva ukachanganywa na tui, tangawizi, chumvi na sukari kidogo. Ukiuona wa zambarau, umetiwa tapol, mchele wa kunata wenye rangi hiyo kiasili.

Kuna wanaokunywa sikwate pembeni. Mimi nasema mimina vijiko viwili juu ya puto maya, acha ipenye, ndipo ule na embe bivu. Embe ni nyingi kuanzia Machi hadi Juni. Nje ya msimu huo, uliza bei kabla muuzaji hajalikata. Beba sarafu na noti ndogo, bana kwenye benchi ili mwingine apate nafasi, na ukimaliza inuka. Nyuma yako kuna mtu aliyesimama na mfuko wa samaki mkononi, anangoja kikombe chake.