Dalali mmoja kwa pande mbili: nani anatetewa?

Ukitafuta kiwanja Njiro au Moshono, jijini Arusha, utaambiwa dalali anayemshika muuzaji na mnunuzi kwa pamoja ndiye mzuri: anawajua wote, gharama inapungua, biashara inaisha haraka. Imani hiyo ina msingi, maana haraka kweli ipo.

Lakini utetezi unapungua. Muuzaji anataka bei ya juu, wewe ya chini. Mtu mmoja hawezi kuwapigania nyote wawili. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, ambako utaratibu huu umeandikwa kisheria, wakala huomba ridhaa ya maandishi ya pande zote, na hafichui kiwango cha bei ambacho upande mmoja uko tayari kukifikia. Maana yake, ushauri uliouhitaji kuliko wote ndio anaokunyima.

Piga hesabu. Kiwanja cha milioni 30, dalali analipwa tuseme asilimia 5: milioni 1.5. Ukishusha bei hadi milioni 27, wewe unaokoa milioni 3, yeye anapoteza laki moja na nusu tu. Kwake kilicho kikubwa ni muuziane, leo.

Kwa hiyo muulize mapema, bila ugomvi: "Kaka, unalipwa na nani? Na upande wa pili unakulipa?" Jibu liandikwe. Bei ilinganishe na ya majirani watatu waliouza karibuni. Hati kaipekue mwenyewe ofisi ya ardhi, na kama muuzaji ana mwenzi, hakikisha naye ameridhia kwa maandishi.