Kucheza Sakafuni na Mtoto Mwenye Usonji: Dhana Potofu na Ukweli

Stanley Greenspan, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, na mwenzake mwanasaikolojia Serena Wieder ndio waasisi wa mbinu ya Floortime, ambayo humtaka mtu mzima aketi chini na mtoto mwenye usonji (autism, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na uhusiano na watu), aanzie pale hamu ya mtoto ilipo, na kutoka hapo amvute kwenye mawasiliano. Wazazi wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza huipokea kwa shaka, na shaka hizo hufanana.

Dhana: Huko ni kucheza tu, si tiba.

Anayechungulia mlangoni humwona mama ameketi mkekani na mtoto wa miaka mitatu anayezungusha mfuniko wa sufuria, akadhani wanapitisha muda. Lakini mama anapoweka kiganja taratibu juu ya mfuniko, akanyamaza na kungoja, mtoto huusukuma mkono ule na pengine huinua macho; mama akiuondoa huku akicheka, kisha akaurudisha, mtoto ameshapata sababu ya kumshughulikia mtu badala ya chombo peke yake. Mmoja ameanzisha, mwingine amejibu, wa kwanza akajibu tena: huo huhesabiwa kuwa mzunguko mmoja wa mawasiliano, na mtoto aliyekuwa akiishia kwenye mmoja akifikisha kumi mfululizo, amepiga hatua inayopimika hata kama bado hajatamka neno. Kungoja ndiko kugumu kuliko yote, maana wengi wetu hujaza ukimya kwa maswali: "Hii nini? Sema mfuniko!"

Dhana: Kumfuata mtoto ni kumdekeza.

Kinachofuatwa ni hamu yake, si kila atakalo. Akiuma au kupiga, huzuiwa kama mtoto mwingine yeyote.

Dhana: Kama uhusiano unamsaidia, basi uhusiano mbaya ndio uliomfanya awe hivyo.

Hii ndiyo dhana iliyoumiza watu wengi zaidi, na haikuanzia mitaani bali kwa wasomi. Daktari wa akili wa watoto Leo Kanner, aliyeeleza hali ya usonji mwaka 1943 kupitia watoto 11, aliwataja baadhi ya wazazi wao kuwa watu wasio na uchangamfu; Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo ya kihisia huko Chicago, akalikuza wazo hilo, hasa katika miaka ya 1960, hata akaona ni heri mtoto atenganishwe na mama yake. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alilipinga kwa hoja nzito mwaka 1964, na utafiti uliofuata umethibitisha kwamba mchango mkubwa ni wa urithi wa kijenetiki na namna ubongo unavyokua tangu tumboni. Kwa hiyo mama anayefundishwa kusubiri, kupunguza sauti au kusoma ishara ndogo hasahihishiwi kosa. Anaongezewa ujuzi ambao malezi ya kawaida hayaudai, kwa kuwa mtoto wake hutoa ishara hafifu kuliko wengine. Mtaalamu anayeshindwa kueleza tofauti hiyo katika kikao cha kwanza humrudisha mzazi nyumbani na mzigo asiostahili.

Dhana: Mbinu hizi huponya, na tiba nyingine hazihitajiki.

Usonji si ugonjwa wa kuponywa. Utafiti wa Uingereza uitwao PACT, uliojaribu mbinu nyingine ya kuwafundisha wazazi, uliohusisha watoto 152 na kuchapishwa mwaka 2010, uliwaelekeza wazazi kwa kuwaonyesha video zao wenyewe wakicheza na watoto wao. Mara baada ya mafunzo, wazazi waliitikia ishara za watoto vizuri zaidi, lakini dalili za usonji hazikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2016 ndio ulioonyesha kupungua kwa ukali wa dalili hizo. Ushahidi wa Floortime yenyewe unatia moyo, ila tafiti zake nyingi ni ndogo. Kwa sababu hiyo mtoto asiyeitika jina lake apimwe masikio kwanza, na mwenye kifafa aendelee na dawa zake, hata kama michezo ya mkekani inakwenda vizuri.