Utendi wa Kirumi si kumbukumbu za Roma

"Aeneid ni utendi unaosimulia jinsi Aeneas alivyojenga Roma." Sentensi hii imezunguka mno, hasa kwenye mihtasari ya fasihi, na wanaoiandika huonekana hawana shaka nayo. Aeneas, shujaa aliyekimbia Troy ilipoanguka, hakujenga Roma. Virgil mwenyewe, mtunzi wa utendi huo, hakudai hivyo.

Maana kwanza, kwa kifupi. Utendi wa Kirumi ni shairi refu la masimulizi kwa Kilatini, juu ya mashujaa, vita na miungu inayoingilia mambo ya watu. Naevius alitunga juu ya vita vya kwanza vya Roma na Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, ambavyo yeye mwenyewe alipigana. Ennius akafuata na Annales, akileta mizani ya Kigiriki. Virgil akatunga Aeneid, vitabu 12, akafa mwaka 19 K.K. kabla hajairekebisha yote. Urefu peke yake haufanyi shairi kuwa utendi, lakini ugomvi huo tuuache leo.

Turudi kwa Aeneas. Katika kitabu cha kwanza Jupiter, mfalme wa miungu, anampigia hesabu Venus, mama yake Aeneas: Aeneas atatawala miaka 3 huko Latium, Italia, mwanawe Ascanius miaka 30, naye atahamishia makao Alba Longa, ukoo wao utakaa huko miaka 300, ndipo azaliwe Romulus, ajenge mji na kuwapa watu jina lake. Shairi lenyewe linakwisha hata Lavinium, mji wa Aeneas, haujajengwa.

Na Dido, malkia wa Carthage anayependana na Aeneas katika shairi, je? Kwa mapokeo ya kale, Troy ilianguka karibu mwaka 1184 K.K., na Carthage ikaanzishwa mwaka 814 K.K. Wapenzi hao wametenganishwa na zaidi ya miaka 300! Virgil aliwakutanisha kwa makusudi, ili laana ya Dido anayekufa iwe chanzo cha uadui uliomleta Hannibal, jemadari wa Carthage, kupigana na Roma. Washairi wana ruhusa hiyo. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una vita vikali na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi ya Mashariki, ilhali msafara wenyewe wa Mtume kwenda Tabuk mwaka 630 uliisha bila mapigano.

Kwa hiyo tunaposema utendi "unaakisi" historia, tukumbuke kwamba kioo humwonyesha aliyesimama mbele yake, si babu yake. Aliyesimama mbele ya Aeneid ni Roma ya Augustus, mtawala wa wakati wa Virgil, iliyochoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana ngao ya Aeneas katikati yake ina pigano la Actium la mwaka 31 K.K., ambalo Augustus alishinda, na Ascanius anaitwa pia Iulus, naye ndiye ambaye ukoo wa Julius Kaisari ulidai kutoka kwake.

Maadili nayo ni hivyo hivyo. Sifa kuu ya Aeneas ni pietas: kutimiza wajibu kwa miungu, wazazi na nchi. Anatoka Troy inayowaka akiwa amembeba baba yake na kumshika mwanawe mkono. Mkewe Creusa anafuata nyuma, anapotea. (Hapo mimi sijawahi kumsamehe Aeneas.) Kisha anamwacha Dido kwa sababu miungu imeamuru. Baba yake, Anchises, anamwusia kwamba kazi ya Mrumi ni kuwahurumia walionyenyekea na kuwavunja wenye kiburi. Lakini mwisho kabisa adui yake Turnus yuko chini, anaomba, na Aeneas anamuua kwa hasira. Anayeuita utendi huu sifa tupu kwa dola labda hakufika ukurasa huo.

Lucan, mshairi wa wakati wa mfalme Nero, alitunga juu ya vita vya Julius Kaisari na Pompey, Warumi kwa Warumi, na kuiondoa miungu kwenye uendeshaji wa mambo. Umbo ni lile lile la utendi, ila Roma inayoonekana humo inajiangamiza.

Kuandika kwamba utendi "unaakisi historia ya Roma" si kosa. Ongeza tu ni ya wakati gani.