Kumi moja la rozari, amesimama

Mimi ni kinè. Kazi yangu ni kuwarudishia watu mwendo baada ya kuvunjika au kupooza. Hapa Bukavu nimeingia nyumba nyingi za wagonjwa, lakini kuna jambo nililielewa vizuri siku yaya, yaani dada yangu mkubwa, alipoanguka na pikipiki kwenye mteremko wa Kadutu, mfupa wa paja ukakatika.

Aliporudi nyumbani, chuma kikiwa ndani ya mfupa, watu walijaa. Wa shirika, ile jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki, wamama wa muso, kikundi cha akiba na kusaidiana, majirani. Huyu na sombe ya majani ya muhogo, huyu na sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, ambao ni chakula chema kwa aliyevunjika kwa sababu wanaliwa pamoja na miiba yao. Sehemu kubwa ya deni la hospitali ililipwa na kisanduku chekundu. Katika muso, cha kijani ni cha akiba na mikopo. Chekundu ni cha ugonjwa na msiba, na msaada wake haurudishwi. Nawashukuru wamama wale mpaka leo.

Ila kila aliyeingia alimwambia, "Pole mama, lala tu, usijisumbue." Wanaomba, wanaimba, naye amelala chali tangu asubuhi, mto chini ya goti. Huo mto ndio ulionikosesha usingizi. Unatuliza maumivu, lakini goti linazoea kukunjika, na baada ya wiki chache halinyooki tena. Misuli ya paja inayeyuka upesi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, naye asipogeuzwa kila saa mbili, anatoboka vidonda mgongoni na matakoni. Halafu kuna damu kuganda mguuni: shavu la mguu mmoja likivimba, likiuma, likiwa na moto, msilikande hata kidogo. Rudini hospitali siku hiyo hiyo.

Ningewafukuza? Hapana. Yaya alikuwa analia usiku, na sauti zao ndizo zilizomtuliza, si mazoezi yangu. Nikamwendea mama kiongozi wa shirika: "Mama, naomba rozari tuisali yaya akiwa amesimama." Daktari aliyempasua alikuwa ameshamruhusu kukanyaga kidogo.

Jioni ya kwanza tulimsimamisha kando ya kitanda, mikono kwenye magongo, mimi nikimshika kiunoni. Tendo moja, Salamu Maria kumi, kama dakika tatu. Kwenye ya sita miguu ilianza kutetemeka. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Wamama wakaongeza sauti, hakuna aliyeharakisha maneno, naye akaitikia mpaka ya kumi ndipo akaketi. "Mdogo wangu, umeniua," akasema, huku anacheka, mara ya kwanza tangu ajali. Wiki iliyofuata alifika matendo mawili, la pili akiwa anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni.

Tukagawana siku pia: wawili watatu kwa zamu, badala ya watu ishirini Jumapili na kimya Jumatano. Mmoja anamhesabia kunyoosha goti, mwingine anapika.

Jirani mmoja alimwambia aache magongo kwa imani. Mama kiongozi akamjibu kabla yangu: "Mfupa bado unaunganika. Tutaomba, na magongo atayashika." Ni kweli, paja la mtu mzima linaweza kuchukua miezi mitatu hadi sita.

Kilichobaki kilikuwa njia yetu, ngazi za udongo mpaka barabarani. Wagonjwa wa vilima, shikeni hili: mkipanda, mguu mzima unatangulia, mkishuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia. Wamama walilikariri kuliko wanafunzi wangu. Mwezi wa nne baada ya ajali yaya alishuka kwenda misa, mama kiongozi mbele yake akishuka kinyumenyume, macho kwenye miguu ile, akimwambia kila ngazi: "Mbovu kwanza, mama. Mbovu kwanza."