Gidamu ya raba ni nini, na huchaguliwaje?

Gidamu ni ile kamba nyembamba inayopita kwenye matundu ya kiatu, ikavuta pande zake mbili juu ya ulimi ili kiatu kiukamate mguu. Wengi husema tu "kamba za viatu". Kikanda cha ndara kinachopita kati ya vidole nacho huitwa gidamu, na kazi ni ileile: mguu usichezecheze. Kwa hiyo gidamu si pambo. Raba nzuri yenye gidamu isiyofaa hupwaya kisiginoni na kuchubua.

Watu hukosea zaidi kwenye urefu. Usiangalie namba ya kiatu, hesabu jozi za matundu. Raba ya jozi 5 kwa kawaida hutaka gidamu ya sentimita 90 hivi. Ya jozi 6, kati ya 110 na 120. Ya jozi 7 au 8, kati ya 120 na 140. Uhakika zaidi ni kuchomoa ile ya zamani, kuinyoosha na kuipima. Imekatika? Pima vipande vyote viwili ujumlishe. Mwenye mguu mnene aongeze kidogo, kwa kuwa pande za kiatu chake hubaki zimeachana na kamba nyingi huishia hapo katikati.

Gidamu bapa hutulia juu ya mguu bila kukata. Ya mviringo hupita kwa urahisi kwenye matundu madogo, lakini fundo lake hulegea upesi, hasa ikiwa ya nailoni, ambayo ni imara ila inateleza. Pamba hushika fundo vizuri, ingawa huchakaa mapema na kunywa maji. Kwa raba ya kila siku mimi huchagua poliesta bapa.

Mbona basi gidamu hufunguka yenyewe? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza kwamba kila mguu unapopiga chini fundo hutikisika na kulegea, kisha miisho ya kamba inayorushwarushwa hatua kwa hatua hulivuta mpaka linaachia. Ndiyo sababu gidamu ndefu kupita kiasi ni kero hata kama huikanyagi.

Kosa jingine liko mikononi mwetu. Tazama vitanzi baada ya kufunga: vikilala kuelekea vidoleni na kwenye kifundo cha mguu badala ya kukingama, fundo lako ni dhaifu. Anza upya, ukigeuza mwelekeo wa ule msokoto wa kwanza tu, yaani ncha iliyopita juu sasa ipite chini. Mengine fanya ulivyozoea. Badiliko hili dogo hufanya fundo lishike zaidi.

Unapobadilisha, badilisha zote mbili, maana mpya na kuukuu hazivutiki sawa. Anzia matundu ya chini kabisa, linganisha miisho, ndipo uendelee juu. Ncha ya plastiki ikitoka, izungushie selotepu. Ya poliesta au nailoni unaweza kuiyeyusha kidogo kwa moto, lakini usijaribu hivyo kwa pamba, itaungua. Na kama ya zamani ilikatika, pitisha kidole kwenye tundu ilipokatikia. Pete ya chuma yenye ukingo mkali itaikata na mpya palepale, hivyo isugue kwanza kwa msasa laini.