Kutolewa Mchezoni Kunamkomaza Mtoto? Dhana Potofu Ninazozisikia Kila Jioni

"Mwache atolewe, Anti, ndiyo atakomaa." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshika sufuria ya uji, nikameza maneno yangu. Huu ni mwaka wa tisa naangalia watoto baada ya shule hapa Dar es Salaam, wa chekechea mpaka wa darasa la sita, tangu gari la shule la kwanza linapoingia getini saa tisa hadi mzazi wa mwisho anapochomoka kwenye foleni. Leo nayatoa yote.

"Asipotolewa hatajua kushindwa"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu huwa inasemwa kwa sauti ya hekima. Basi tupige hesabu. Chukua viti vya muziki: watoto 16, viti 15. Muziki unapigwa, unazimwa, wanagombania, wanabishana nani kakaa kwanza, kiti kinaondolewa, wanajipanga upya. Mzunguko mmoja ni dakika moja ukiwa na bahati, na mpaka mshindi apatikane ni mizunguko 15. Aliyetoka wa kwanza kacheza dakika moja, kakaa ukutani dakika 14. Umemleta nyumbani kwangu acheze, kaishia kuangalia wenzake.

Na nani hutoka wa kwanza? Ni yule mzito wa miguu, yule mdogo, yule anayeogopa kusukumwa. Aliyehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayepata machache kuliko wote. Mwalimu wa hesabu hamwambii aliyekosa swali la kwanza aweke penseli chini atazame wengine wakimaliza karatasi. Kwenye michezo tunafanya hivyohivyo, kisha tunaita malezi.

Nami nilikuwa nafanya. Kulikuwa na mtoto wa darasa la pili, mpole, ambaye siku tatu mfululizo alitoka wa kwanza au wa pili. Siku ya nne, napanga viti, akanijia: "Anti, leo mimi nitazima muziki." Nikampa simu, nikamsifu kwa kujitolea. Kesho yake akaomba tena, na keshokutwa. Ilinichukua karibu wiki nzima kung'amua: mwenye simu hatolewi. Alikuwa ametafuta kazi ili asicheze. Kama huo ndio ukomavu, basi alikomaa kweli.

Kushindwa hufundishwa kwa kushindwa mara nyingi, harakaharaka, na kurudi. Mtoto anayetolewa anashindwa mara moja tu, halafu anapewa robo saa nzima ya kuitafakari. Ukimwacha ndani ya mchezo anapigwa mpira mara sita kwa dakika kumi; ya kwanza ananuna, ya pili analalamika kwamba haikumgusa, ya tano anacheka mwenyewe. Hapo ndipo kuna somo.

Ninachofanya sasa ni kuondoa kiti na kumwacha mtoto. Muziki ukizimwa wote lazima wapate pa kukaa, hata kwa kupakatana. Vikibaki vitatu, wamebebana kama abiria wa daladala saa moja asubuhi, na yule mzito wa miguu ndiye anayetafutwa awe wa chini. (Tumia mikeka au mabenchi. Viti vya plastiki vinapasuka, nimeshanunua vipya mara mbili.)

Rede nayo nimeibadilisha. Kwetu wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira, na akipigwa alikuwa anatoka. Siku hizi aliyepigwa anabadilishana na aliyempiga. Basi. Hakuna anayekaa, na mpira hausimami.

Simama-kaa ilinisumbua zaidi. Mwanzoni nilisema anayekosea ndiye awe anaita amri. Ndani ya dakika tano wote wanakosea makusudi wapate kuita! Sasa naweka miduara miwili: ukikosea unakimbilia mduara wa pili na kuendelea hukohuko, ukikosea tena unarudi. Aliyekosea anakimbia kuliko asiyekosea, na hilo halijamuudhi mtoto yeyote.

Wakiniambia haya ni mambo ya wazungu ya kudekeza watoto, ndipo ninapokasirika kabisa. Wewe mzazi hukucheza kombolela? Kopo linarushwa, mtafutaji analikimbilia, wengine wanajificha. Anayeonekana anakamatwa anasimama karibu na kopo. Kisha mmoja aliyebaki anachomoka alikojificha, analibutua kopo, "Kombolela!", na wote waliokamatwa wanatawanyika kujificha upya. Lisikilize jina lenyewe, limo kukomboa ndani yake. Ukikamatwa una tumaini. Macho yako yote yako kwenye ule ukuta unakojua mwenzako yupo. Hakuna aliyetuletea hilo kwa ndege. Ukuti nao una mshindi? Mnatetemeka wote mpaka chini.

Nakubali jambo moja: wa darasa la tano na la sita wanataka mshindi na wanataka kutolewana, na ukiwanyima wanakuona unawafanya watoto. Hao nawaachia, kwa sharti kwamba raundi isizidi dakika mbili. Anayetoka anakunywa maji, kabla hajafunika chupa raundi mpya imeanza.

"Nimemleta asome, michezo atacheza Jumamosi"

Jumamosi mnampeleka tuisheni, nawajua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeorodhesha anayopaswa kupewa mtoto na mzazi au mlezi wake: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na humohumo kwenye orodha kuna kucheza na mapumziko. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili mpaka pumzi ipande. Mtoto aliyekaa darasani tangu saa mbili, akakaa kwenye gari la shule, akaja kukaa kwenye homuweki, akaenda nyumbani kukaa mbele ya katuni, hizo dakika 60 atazipatia wapi?

Tena homuweki yenyewe inakwenda vizuri zaidi baadaye. Utaratibu wangu: uji, michezo dakika 40, kunawa uso na miguu, halafu madaftari. Siri iko kwenye mchezo wa mwisho. Usiwatoe kwenye kukimbizana ukawaambia fungueni hesabu. Maliza na simama-kaa unayoiita kwa sauti inayoshuka, inashuka, mpaka unanong'ona na wao wananyamaza wakusikie. Wanaingia ndani kimya bila fimbo wala kelele.

"Wamechoka, waache na TV"

Wamechoka kukaa. Isipokuwa wale wanaochukuliwa na gari saa kumi na moja alfajiri kwa sababu njia ya dereva inaanzia kwao. Hao wakilala kwenye mkeka wakati wenzao wanacheza, msiwaamshe. Nina wawili wa hivyo, na usingizi ndio mchezo wao.

"Wakubwa wawe peke yao, wataumiza wadogo"

Kwenye mpira wa miguu, sawa, nawatenganisha. Kwenye kombolela hapana. Wa darasa la sita akipewa wa chekechea wa kujificha naye anakuwa mwalimu bora kuliko mimi: anamfundisha kushusha pumzi, kuvua viatu vinavyomulika, kutocheka. Wanaoumizana sana ni wa umri mmoja, kwa sababu kila mmoja anataka kuthibitisha.

"Rede ni ya wasichana"

Waje waone wavulana wangu wanavyokwepa. Siongezi.

"Anti hauna vifaa"

Mpira wa soksi kuukuu zilizojazwa nailoni, chupa moja, kopo la maziwa, kamba, kipande cha mkaa cha kuchorea sakafu. Mzazi mmoja aliniletea magoli ya plastiki yenye nyavu, nikashukuru kwa dhati. Yamekuwa maficho mazuri mno ukiyafunika khanga.

"Nikifika tu, mtoto awe na begi mgongoni"

Hili ni ombi zaidi kuliko dhana. Najua foleni, najua mnachoka. Lakini mtoto akiwa katikati ya mchezo nipeni dakika tatu. Juzi mama mmoja kafika kwa bodaboda, "Anti, haraka, dereva ananisubiri." Binti yake alikuwa nyuma ya simtanki, ndiye pekee asiyekamatwa, na wenzake sita wamesimama kwenye kopo wanamngoja yeye. Nikamwomba mama asubiri kidogo. Kugeuka, dereva wa bodaboda alikuwa keshazima pikipiki, kavua helmeti, anamwonyesha mtafutaji kwa midomo: yule pale, nyuma ya tanki. Watoto wakamzomea mpaka akarudi getini.